JE, YAFAA MWANACHUO ASOME ELIMU ISIYO YAKE?



Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu nipate kueleza mawazo yangu juu ya jambo linalojadiliwa sana miongoni mwa wanachama, hasa sisi makarani tulio hapa Dodoma. Jambo lenyewe ni hili: mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekwisha kuchagua elimu yake, kama uhandisi, au uhasibu, au uganga, je, ni haki alazimishwe kusoma pia elimu nyingine iliyo nje ya hiyo? Wako wasemao ndiyo, wako wasemao hapana. Na walio wengi husema kwamba hilo si shauri letu, maana sisi tulikomea shule za sekondari, na chuo kikuu twakitazama kwa mbali tu.

Mimi naona ni shauri letu sana, kwa sababu tatu. Kwanza, watoto wetu na wadogo zetu ndio wanaosoma huko, na sehemu ya karo yao hutoka katika mishahara yetu. Pili, wanachama wengi wa makamo yangu wanajiandikisha wenyewe, wapate shahada na kupanda daraja. Tatu, na hili ndilo kubwa, sisi ndio tunaowapokea wahitimu wanapoajiriwa. Kila wanaloliandika hupita mikononi mwetu. Mpishi huonja chungu chake, lakini anayejua kama chakula kimeiva ni mlaji. Basi katika jambo hili la elimu ya juu, mabwana na mabibi, sisi ni walaji, na haki ya kusema tunayo.

Swali hili si jipya. Vyuo vya Afrika ya Mashariki vilizaliwa katika desturi ya Kiingereza. Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kikaanza kuwatayarisha wanafunzi kwa digrii za London. Na desturi ya Kiingereza ni kumtaka kijana achague njia yake mapema, kisha aifuate hiyo moja hata mwisho. Desturi ya Marekani ni nyingine: mwanafunzi hupitishwa kwanza katika elimu za namna nyingi, ndipo akaze mwendo katika moja. Desturi hiyo ilifika Nigeria mwaka 1960, kilipofunguliwa chuo kikuu cha Nsukka kwa jitihada ya Nnamdi Azikiwe, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Marekani. Nacho kikaweka masomo ya jumla kwa kila mwanafunzi. Waskoti nao wana desturi yao ya tangu zamani, ambayo katika digrii ya kawaida humtaka mtu asome elimu kadha wa kadha kwa pamoja.

Desturi hiyo ya Kiskoti yatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwalimu Julius Nyerere, baada ya kutoka Makerere na kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's pale Tabora, alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na digrii yake. Huko hakusoma elimu moja. Alisoma fasihi ya Kiingereza, na uchumi, na historia, na sheria za katiba, na elimu ya jamii za watu, na falsafa ya maadili. Katika mambo hayo hamna hata moja ambalo hakulitumia baadaye. Aliyesoma katiba ndiye aliyedai uhuru kwa njia ya katiba. Aliyesoma falsafa ndiye aliyeandika juu ya ujamaa. Na aliyesoma fasihi ndiye aliyeufasiri mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar mwaka 1963, na mwingine alioupa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye akiwa Rais mwenye shughuli za nchi nzima. Sisemi kwamba kila asomaye mambo mengi atakuwa Nyerere. Nasema tu kwamba wingi wa masomo haukumdhoofisha.

Hapa kwetu chuo kikuu kilianza Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, na elimu ya kwanza kufundishwa ilikuwa sheria peke yake. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata lilitoka Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi 1967 ukafanywa mkutano chuoni kuuliza: chuo kikuu kina kazi gani katika nchi maskini, na mwanafunzi anayelishwa na wakulima yampasa ajue nini juu ya wakulima hao? Katika mashauri ya wakati huo ndimo lilimotoka somo la pamoja kwa wanafunzi wote, awe wa sheria, awe wa sayansi. Baadaye likaitwa Masomo ya Maendeleo, na taasisi yake ikaundwa mwaka 1973. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, nacho kiliipokea desturi hiyo, pamoja na masomo ya kuandika na kuzungumza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, shauri lilikwisha kukubaliwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Linalobishaniwa ni kama mti huo umezaa matunda, au umesimama tu uwanjani kwa kivuli. Na ubishi huu una haraka yake. Mwaka 2021 Serikali ilianza mradi mkubwa wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na moja ya makusudi yake ni kuitazama upya mitaala ya vyuo, ipatane na mahitaji ya waajiri. Neno hilo ni jema. Lakini mara nyingi mtu akisikia “mahitaji ya waajiri” hufahamu kwamba kila kisichokuwa ufundi wenyewe kikatwe. Nami nauliza: mwajiri wa wahitimu wetu wengi ni nani kama si Serikali? Na katika Serikali, ni nani anayeona kila siku jinsi kazi ya mhitimu inavyofaa au isivyofaa, kama si karani aliyelishika jalada?

Sasa nataka kuwapeleka Kongwa. Si mbali, ni huko mashariki ya Dodoma, karibu na Mpwapwa, na wengi wetu hupita njia yake twendapo Morogoro. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwezi wa Juni 1946 watu watatu walitumwa kuja kutazama kama karanga zaweza kulimwa huku kwa wingi: mmoja mjuzi wa kilimo, mmoja msimamizi wa mashamba ya kampuni, na mmoja mtu wa mambo ya fedha. Walizunguka majuma 9, kisha wakatoa shauri la kulima ekari 3,210,000, sehemu kubwa yake katika Tanganyika, na gharama yake ikakisiwa kuwa kama pauni milioni 25. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Katika mwaka huo ilitazamiwa zilimwe ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000.

Yaliyowapata twayajua. Matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yametumika yaliharibika, na mafundi na vipuli vikakosekana. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi mirefu vilivunja vyuma. Mchanga ulikula majembe ya trekta. Mvua ilipokatika, udongo ule wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Na karanga, kama ajuavyo kila mtoto wa mkulima, huzaa chini ya ardhi, basi kuzing'oa ikawa taabu kuliko kuzipanda. Mvua za nchi hii ni za msimu mmoja, aghalabu tangu Desemba hata Aprili, tena hazina ahadi: mwaka huu zaja, mwaka ujao hazitoshi. Wagogo, ambao wameishi hapa kwa uwele na mtama na ng'ombe, waliyajua hayo kabla ya trekta la kwanza kufika. Mwezi wa Januari 1951 mradi ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea.

Kwa nini nayarudia haya? Kwa sababu watu husema Kongwa iliharibiwa na wajinga. Si kweli. Watu wale hawakuwa wajinga. Mjuzi wa kilimo aliijua mimea. Fundi aliijua mitambo. Askari waliokuja kusimamia walijua kuwapanga watu. Mwenye hesabu alijua kujumlisha. Kila mmoja alikuwa hodari katika chumba chake. Lililopungua ni milango kati ya chumba na chumba. Mwenye hesabu alijumlisha ekari asijue maswali ya kuuliza juu ya udongo. Fundi alileta trekta asijue kuuliza juu ya mchanga. Nao wote hawakujua namna ya kumwuliza mzee wa Kigogo, wala hawakudhani kwamba jibu lake ni elimu. Hapana budi niseme kwamba haraka ya wakubwa wa London ilikuwa na sehemu yake kubwa katika hasara ile, na somo moja la chuoni lisingaliuokoa mradi mzima. Lakini mtu aliyefundishwa kuuliza nje ya chumba chake angalau angalichelewesha hasara, na pengine kuipunguza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Labda mtasema hayo ni mambo ya kale, ya enzi ya wageni. Basi nitwae mfano wa jalada moja la leo. Ni la kubuni, lakini kila akaaye masijala atalitambua. Kijiji kimoja cha uwanda huu kinaomba kisima. Mjuzi wa miamba anaandika dokezo kwamba maji yapo, na kina chake ni mita kadha. Mhandisi anachagua pampu. Mhasibu anahesabu. Mwanasheria anatazama ardhi ni ya nani. Bwana afya anapima maji. Afisa wa maendeleo ya jamii anataja kamati itakayokitunza kisima. Madokezo sita, na kila moja ni sahihi.

Tazameni yanayotokea. Mhandisi ambaye hakupata kusoma hata misingi ya uhasibu anaandika bei ya pampu, asiandike fedha za vipuli vya mwaka wa pili na wa tatu. Pampu inakufa, na kijiji kinarudi korongoni. Mhasibu ambaye hakupata kusoma lolote juu ya nchi anatoa fedha mwezi wa Februari, wakati gari lenye mtambo wa kuchimba haliwezi kupita mbugani kwa matope. Mwaka wa fedha waanza Julai, na mvua zaanza Desemba: iko miezi mitano mikavu ya kufanyia kazi, na aijuaye mvua angaliitumia. Bwana afya anaandika kwamba maji yana floridi ya kiasi fulani. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Ikizidi, meno ya watoto hupata madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Katika mikoa yetu ya kati jambo hili si geni. Lakini tarakimu ile imekaa katika dokezo la tano bila maelezo, na mhandisi anaipita kama apitavyo tarehe. Na hakuna hata mmoja katika sita aliyeuliza ng'ombe watakunywa wapi. Kumbe katika nchi ya wafugaji, kisima kisicho na birika la ng'ombe kitavunjwa na ng'ombe.

Madokezo yote ni kweli, na jalada zima ni uongo. Kisha linarudi kwa nani? Linarudi kwa karani, ambaye hana digrii, naye anaandika kwa adabu: “Tafadhali rejea dokezo namba 5.” Wenzangu, ni mara ngapi karani ndiye amekuwa mlango kati ya chumba na chumba! Si kwa sababu ana akili kuwashinda, bali kwa sababu ndiye pekee aliyelisoma jalada lote.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Faida ya kusoma elimu ya nje si kumfanya mhandisi kuwa mhasibu, wala mganga kuwa mwanasheria. Faida yake ni mbili: kumjulisha mtu mahali ambapo elimu yake inakoma, na kumpa lugha ya kumwuliza mwenzake swali litakalojibika. Ajuaye elimu moja tu hudhani kwamba ulimwengu wote umetengenezwa kwa elimu hiyo. Aliyeonja na ya pili, hata kidogo, hujua kwamba kuna njia nyingine ya kuona, nayo ina kanuni zake, na wenye kuifuata si wapumbavu. Elimu ni bahari, wasema wazee. Na faida ya kwanza ya kuiona bahari ni kujua udogo wa chombo chako.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani, nao wana haki ya kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni ya methali: mshika mbili moja humponyoka. Wasema afadhali mganga ajuaye mwili barabara kuliko mganga ajuaye mwili nusu na historia nusu. Hilo nakubali kabisa. Kama ni kuchagua kati ya hayo mawili, nipasuliwe na yule wa kwanza. Lakini si hayo yanayochaguliwa. Hapana aombaye kuipunguza elimu kuu iwe nusu. Linaloombwa ni somo moja au mawili katika miaka mitatu ya shahada, au minne ya uhandisi, au mitano ya uganga. Tena mganga naye hatibu mwili uliotundikwa ukutani. Hutibu mama wa Chamwino mwenye imani yake, na njaa yake, na safari ndefu kurudi kwake. Asipoyajua hayo, dawa aliyoiandika barabara itabaki mfukoni.

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo yaniuma kwa kuwa ni yetu. Mwanachama mwenye miaka 35, mwenye watoto, anayejilipia karo, anauliza: kwa nini nilipe kwa somo ambalo halitanipandisha daraja? Na kijana anayesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo naye anauliza: kwa nini nikope kwa kitu nisichokihitaji, nami nitakatwa mshahara kwa miaka mingi kulipa? Nawajibu kwamba somo la nje lisiongeze mwaka wala karo. Lichukue nafasi ya yale yanayorudiwa-rudiwa ndani ya elimu kuu yenyewe, maana kila aliyepita chuoni hukiri kwamba mambo yale yale yalifundishwa mara mbili kwa majina mawili. Lakini pia nawaomba wapime hesabu kwa kipimo kirefu. Ufundi hubadilika. Mitambo aliyofundishwa kijana leo itakuwa vyuma chakavu kabla hajastaafu, na huenda kazi aliyosomea ikahamishwa, ama idara yake ikaunganishwa na nyingine. Mwenye elimu moja tu, ikichakaa hiyo, amechakaa nayo.

Hoja ya tatu yasema: atakaye upana ajisomee mwenyewe, chuo kikuu ni mahali pa kazi. Nao humtaja Shaaban Robert, karani mwenzetu, aliyefanya kazi katika forodha, kisha katika idara ya mifugo pale Mpwapwa tangu mwaka 1944, kisha Tanga. Ambaye bila kuingia chuo kikuu aliandika mashairi na insha na hadithi zinazosomwa hata leo vyuoni. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini shule haziwekwi kwa ajili ya watu wa ajabu. Mtu wa namna yake atasoma hata kwa mwanga wa mbalamwezi. Utaratibu huwekwa kwa ajili ya sisi wa kawaida, ambao tusipoelekezwa kwenye kitabu cha pili hatukifungui.

Hoja ya nne ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo siipingi. Husemwa kwamba masomo haya ya lazima hayasomwi kwa kweli. Nimewasikia vijana wakieleza jinsi wanavyosongamana mamia kwa mamia katika ukumbi mmoja, wakinunua maandishi yaliyotumiwa na waliotangulia, wakiyakariri usiku mmoja kabla ya mtihani, na kuyasahau kabla ya basi halijafika kwao. Somo la namna hiyo halimfungulii mtu mlango; lamfundisha kwamba elimu ya wengine ni mzigo wa kutua upesi. Kama hayo ndiyo tutakayoyaacha yaendelee, basi wale wanaotaka kuyakata wana haki. Lakini jembe likipoteza makali, hulinolewa. Halitupwi, na shamba likaachwa.

Basi ni namna gani yafaa kufanya? Nina mashauri matatu, nayo ni madogo.

La kwanza: kila mwanafunzi achague mwenyewe elimu moja ya nje, naye aifuate mwaka mzima, akifundishwa na wenye elimu hiyo hasa, pamoja na wanafunzi wao, kwa mtihani ule ule. Mwanafunzi wa kompyuta akitaka historia, akae na wanahistoria. Mwanafunzi wa fasihi akitaka takwimu, ahesabu na wenye kuhesabu. Afadhali kuzama mara moja katika kisima kimoja kigeni kuliko kulowesha vidole katika visima kumi. Tena mtu hukitunza alichokichagua kuliko alichotwishwa.

La pili: somo moja liwe juu ya nchi ambayo chuo kimesimama. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 watumishi kwa maelfu wamehamia huku. Kijana anayesoma hapa miaka mitatu asiondoke bila kujua mvua ya uwanda huu, na udongo wake, na maji yake, na desturi za Wagogo na Warangi na majirani zao, na habari za Kongwa pia. Wafundishwe na wataalamu, na wakati mwingine wapelekwe kwa wakulima wenyewe, wasikilize. Akiajiriwa Mbeya au Mtwara, atakuwa amejifunza namna ya kuuliza juu ya nchi ngeni.

La tatu ni la lugha. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na kazi ya Serikali hufanywa kwa Kiswahili. Hata sheria na mahakama, kwa mabadiliko ya mwaka 2021, zimeelekezwa katika Kiswahili. Lakini mhitimu ajuaye kueleza floridi kwa Kiingereza kwa kurasa kumi hushindwa kumweleza mwenyekiti wa kijiji kwa maneno kumi. Barua zake huja masijalani, nasi huzinyoosha kimyakimya, kwa heshima. Si kwamba hana akili. Hakufundishwa kwamba kueleza ni sehemu ya kujua. Kila mwanafunzi, wa elimu yoyote, aandike angalau insha moja ndefu kila mwaka, kwa Kiswahili safi, akiieleza elimu yake kwa mtu asiyeisoma. Kazi hiyo pekee itamwonyesha kama anaielewa.

Naomba kamati ya chama chetu iyapime mashauri haya, na ikiona yafaa, iyapeleke kwa wanaohusika. Tusingoje kuulizwa. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika nchi hii, kilichoundwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba na wenzake, kiliundwa na makarani na walimu ambao hawakungoja kuulizwa. Nao hawakushughulika na mishahara tu. Walitaka pia mahali pa kusoma na kuongea mambo ya elimu.

Na kwa wanachama wanaojiandikisha vyuoni nina neno moja la mwisho. Utakapopewa karatasi ya kuchagua masomo, na ukaona nafasi moja iliyo wazi, usiulize ni lipi jepesi. Uliza ni chumba gani ambacho jalada lako huenda kila siku nawe hujui yanayofanyika humo. Lichague hilo. Siku utakapoketi katika kiti cha kuandika dokezo badala ya kulipeleka, utajua la kuuliza.

Wenu katika utumishi,

KARANI WA MASIJALA,
Dodoma.